Mate Yangu Hayaendi Dar es Salaam

Jumatatu, 8 Septemba

Eliana, una roho ngumu wewe mtoto. Hosea wako anaota meno sasa, na mimi bibi yake sijamwona hata kisigino. Umejikalia huko Kahama na kisingizio chako: eti maji ya kisima chetu yanatia meno kahawia, mtoto haji mpaka yapatikane mengine. Mbona wewe uliyanywa na ukaolewa? Haya. Naandika kwenye daftari hili kila jambo, uje usome uone aibu. Herufi nilizipata kanisani kwenye kitabu cha nyimbo, mlango wa shule sikuuvuka. Mstari ukipanda mlima, panda nao.

Leo wamefika watafiti watatu wa chuo kikuu. Mmoja mrefu ana chujio la maji. Anasema ndani yake mna chembe ndogo mno, unywele wangu mbele yake ni gogo. Chembe hizo zinakamata madini yanayoharibu meno, nayo hayaonekani. Kisichoonekana kinakamata kisichoonekana. Nimekubali. Mchungaji hutueleza magumu kuliko hayo.

Kaya itakayotoa mate na kujibu maswali inaachiwa chujio. Nimejiandikisha kabla Yasinta wa ng'ambo ya njia hajamaliza kufunga kanga. Chujio likiingia humu, Hosea anakuja. Huna pa kukimbilia!

Jumanne, 9 Septemba

Balaa. Anayechukua mate ni kijana mpole, Peniel, shikamoo yake imenyooka. Kanipa kichupa, niteme humo, yapelekwe maabara Dar es Salaam wakasome vinasaba, yaani habari za ukoo zilizo mwilini. Nisile wala kunywa nusu saa kabla.

Sasa mate yangu nimemwekea Hosea. Kila mtoto wa nyumba hii nimemtemea baraka kwenye paji la uso, hata wewe, ukalia. Nitaanzaje kubariki kichupa kabla ya mjukuu wangu?

Nikamwambia Peniel mtu mzima hatemi mbele ya vijana. Akageuka, akaomba radhi. Nikazunguka nyuma ya jiko alipofungwa yule mbuzi jike mweupe. Nikamlambisha chumvi. Kichupa kikajaa mara moja! Peniel kanishukuru kwa mikono miwili. Nikamwambia asijali, nina mengi.

Alhamisi, 11 Septemba

Maswali. Huyu ni binti, Faith, anachunguza jinsi majirani wanavyoaminiana. Akaniuliza jirani akishika funguo zangu nitalala? Nikamuuliza jirani yupi. Akasema yeyote. Nikamwambia hapa hakuna anayeitwa Yeyote.

Kisha akaweka kilo ya sukari. Niigawe nipendavyo, mimi na mwanakijiji mmoja nisiyemjua, naye hatanijua. Nisiyemjua? Nimezaliwa hapa! Nikatazama nje, nikaona Yasinta anafagia kwa madaha ya mtu anayengoja sukari. Nikachukua yote. Faith akaandika tu. Kalamu yake ina dharau.

Ijumaa, 12 Septemba

Yasinta kaja na nusu kilo ya sukari. Anasema naye aligawa, hakuambiwa nani atapata, ila akaona ya nini kungoja watafiti, aniletee mwenyewe. Akaniita dada. Akanywa chai yangu akacheka.

Makusudi matupu! Amenitia aibu na sukari nzuri. Nimeikubali ili asijisikie vibaya.

Jumatatu, 29 Septemba

Wamerudi. Yasinta kapewa chujio. Wa upande wa juu wamepewa. Mimi Peniel kaniomba tukae pembeni. Akakohoa. Akasema bibi, samahani sana, mate yako yamesomeka ni ya mbuzi.

Nikamwambia hongera, mashine yenu ni nzima.

Hakucheka. Anasema bila mate ya mtu chujio haliachwi, ndiyo sheria yao. Mrefu akalipakia garini mbele ya macho yangu, likiwa na bomba lake jipya. Eliana, nililia. Kidogo tu, nikasingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa. Faith akanishika mkono, akawaomba wenzake. Wameniachia kichupa kingine. Watapita tena Oktoba, tarehe kumi na tano.

Yasinta kanifuata hadi mlangoni. Kasema mtoto akija atakunywa kwake, nyumba ni moja. Nikamwambia tutaona.

Jumanne, 30 Septemba

Nimefikiri mpaka uji umeungua. Kosa nimeliona. Kosa ni mbuzi. Wanataka mate ya mtu, na mtu wa ukoo wangu ninaye: Hosea. Vinasaba si ni habari za ukoo? Basi ni zilezile, tena za kwake mpya. Mtoto anayeota meno anatiririka kama bomba, hatapungukiwa. Yangu yatabaki salama kwa paji lake. Sijui kwa nini watu wanasomea mambo haya miaka mingi.

Namtafuta mtu wa kukupigia simu sasa hivi. Maji ya mtoto nitachota kwa Yasinta, nimeshamwambia ni ya vifaranga.

Njoo kabla ya tarehe kumi na tano. Mkishashuka kwenye basi hapo Nduguti, usimnyonyeshe tena mpaka mfike kwangu, ile nusu saa ya Peniel itimie. Akilia, muonyeshe ndimu.