Salomon ni Baba wa Bibi Yake

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa saba 1995

Ndugu yangu Salomon ni baba wa bibi yake. Habari hii imetolewa leo asubuhi na Papa Pontien, mwenye biro, yaani ofisi ya kupiga mashine, karibu na bandari hapa Kalemie. Ameisoma kwenye kioo cha ordinateri, ile kompyuta yake, akanigeukia, akauliza kwetu watu wanazaana namna gani.

Maelezo. Ukoo wa mama yangu niliuingiza katika ordinateri ile ile mwaka 1988, kwa programu ya padri mmoja aliyetaka kujua nani amezaa nani parokiani. Padri alirudi kwao, ordinateri ikabaki kwa Pontien. Sasa Noëlla, mtoto wa dada yangu, ametuma programu mpya kutoka Kigoma, disketi tatu ndani ya pakiti ya majani ya chai. Ina rangi! Inachora mti wenye matawi! Lakini haisomi faili la zamani mpaka ligeuzwe, na kabla ya kuligeuza inalikagua. Ile ya zamani ilikuwa na adabu. Ulichoiambia, iliandika. Hii inauliza maswali kama mama mkwe.

Chanzo cha kosa kimepatikana. Mwaka 1988 nilimhoji Bibi Domitille, mama wa mama zetu, sasa marehemu, kule kijijini Mpala, akiwa anachambua dagaa. Nikamwuliza Salomon ni nani kwake. Akajibu bila kuinua kichwa: "Huyu njo baba yangu." Nikaandika. Kazi ya gazeti ilinifundisha kuandika kama ilivyosemwa. Kila mtu wa kwetu angemwelewa: Salomon alipozaliwa alipewa jina la marehemu Kabwe, baba wa Bibi, na tangu siku ile Bibi alimwita Baba na kumpakulia nyama kabla ya wakubwa. Tena mwaka 1988 majina ya ubatizo yalikuwa bado yamekatazwa na serikali. Salomon hakuwa Salomon, alikuwa Kabwe tu, kama mzee mwenyewe. Kwenye faili wakawa mtu mmoja. Ameanza ukoo, na yuko mwisho wa ukoo.

Programu mpya imesema haiendelei mpaka mtu huyu aache kujizaa.

Haraka inatoka hapa: Jumamosi tarehe 15 tunamaliza matanga ya mjomba wetu Mwamba, huko Mpala. Siku hiyo mmoja wa watoto wa dada zake atapewa jina lake. Tuko wawili, mimi na Salomon. Nalitaka jina lile. Sababu sitaziandika.

Jumanne, tarehe 4

Mpango wa kwanza. Salomon ana faida moja: mama yake, marehemu Anne, alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, marehemu Christiane. Mti mzuri, uliochapwa kwa mashine, nani ataubishia? Saa nne nimemzaa mama yangu miaka minne mapema.

Ordinateri imelia. Imesema kwa tarehe hiyo Bibi Domitille alizaa akiwa na miaka kumi. Pontien amesema hata chuma kina aibu. Nimemrudisha mama mahali pake, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Baadaye nikafika kwa mjomba. Mwamba. Kazi: kondakta wa treni. Programu mpya inataka maneno mengi zaidi, ina nafasi ya "mambo ya kukumbuka". Nimekaa mbele ya nafasi ile muda mrefu. Treni ya Kabalo ilipokuwa bado ina siku zake, watu walivaa nguo za kanisani kwenda kuipokea tu, hata wasio na mgeni. King'ora cha kiwanda cha nguo kinalia, wafanyakazi wanatoka, halafu treni. Mjomba anashuka wa kwanza, kofia imenyooka. Mimi na Salomon tulilala kwake, na badala ya hadithi alitutajia vituo: Kalemie, Niemba, Nyunzu, Kabalo. Hatukuwahi kufika Kabalo tukiwa macho.

Tangu afe, hakuna mtu anayesimama nje ya ua na kuita "Mwamba yuko?" Ua uko pale pale.

Nimeandika: "Hakuchelewa." Pontien amesema nafasi ina mistari kumi. Nimemwambia inatosha.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango wa pili. Huu ni mzuri sana.

Pontien alikuwa na dawa yake: tumkate Kabwe kuwa watu wawili, mzee juu, Salomon chini, na kwa Salomon tuandike "somo wa Kabwe, amebeba jina lake". Kazi ya muda wa kunywa chai. Nimekataa. Yaani Salomon asimame mbele ya ukoo akiwa na jina la Kabwe kifuani kama medali? Kabwe aliyejenga nyumba ya kwanza ya matofali pale kwetu? Kabwe aliyegombana na mapadri juu ya pembe za mbuzi na wakamwomba radhi wao? Hapana!

Serikali imeturudishia majina ya ubatizo, na wengine wote nimeshawaandikia yao. Basi ayatumie. Nimemfuta chini ya mti, nikamwingiza upya kwa mkono wangu. Salomon. Hakuna Kabwe. Hakuna somo. Salomon tu, kama mtu aliyeshuka na meli jana.

Mke wangu, Mama Odile, nimemweleza wakati wa kula. Amecheka mpaka akaweka kijiko chini. Amesema: "Papa Siméon, Kabwe umuache kwa Salomon. Usimuguse." Nimejua ni huruma ya wanawake. Hakueleza. Sikuuliza.

Jumamosi, tarehe 8

Tumegeuza faili!

Umeme umekatika mara mbili, mara ya tatu Pontien amewasha grupu, jenereta yake. Programu imekagua watu wote kimya kimya. Hakuna anayejizaa. Halafu ikauliza swali moja la mwisho: faili la zamani litunzwe au lifutwe? Pontien ameinua mkono kama polisi wa barabarani. Amesema kitu cha zamani hakiombi chakula, kiache. Nikawaza Salomon akipita hapa, akiomba kuona la zamani, akijikuta Kabwe. Nimebonyeza: lifutwe. Taa ndogo imewaka, imezima. Kazi safi.

Tatizo moja. Programu mpya haijui herufi za Kifaransa zenye mkuki kichwani. Kila moja imegeuka koma. Mama yetu mdogo Émérence, dada pekee wa mjomba aliyebaki, ametoka na koma mbili. Mimi nimekatwa katikati: Sim‚on. Salomon hana mkuki. Ametoka mzima.

Pontien amesema koma zitamchukua wiki nzima. Nimesema wazee hawasomi koma.

Chini kabisa, kwa herufi kubwa, nimeagiza pachapwe: KAZI YA SIM‚ON KALENGA, MWANDISHI WA HABARI. YOTE YAMEHAKIKISHWA.

Jumatano, tarehe 12

Mti umechapwa. Karatasi ndefu yenye vitundu pembeni, inatoka kwenye mashine kwa kelele ya mbuzi aliyebanwa mlangoni. Tumeibandika vipande vipande. Ukiitandaza inatoka mlangoni mwa biro mpaka kwa muuza mandazi. Watu wamesimama kutazama. Mmoja ameuliza kama ni matokeo ya uchaguzi.

Nani kapita? Salomon. Alikuwa anapeleka samaki wakavu Mpala kwa ajili ya sherehe, mikokoteni miwili. Ameikanyaga karatasi kwa bahati mbaya, ameomba radhi, halafu akasema kwa sauti ya sokoni: "Ee mwandishi, wafu wote umewaandika. Sasa wazima watakula nini, karatasi?" Wamecheka. Hata Pontien.

Ameuliza kama na yeye yumo ndani ya mashine. Nimejibu yumo. Sikusema uongo.

Kabla ya kuondoka ameinama pale kwenye jina la mjomba, akasoma "Hakuchelewa". Halafu akasema mjomba aliwahi kuchelewa mara moja: siku mimi na yeye tulipojificha ndani ya behewa la mihogo pale Niemba, na mjomba akaizuia treni nzima mpaka tupatikane. Aliandikiwa barua ya onyo kwa ajili yetu. Nilikuwa nimesahau.

Nimewaza kurekebisha. Lakini karatasi ilikuwa imeshachapwa.

Jumamosi, tarehe 15. Mpala

Naandika nyuma ya jiko la mama mdogo. Kuna kelele.

Mambo kwa mpangilio. Watu wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya mjomba. Bia ya mahindi imepita. Mama Émérence amesimama na bakuli la unga mweupe. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, karatasi magotini, shati limepigwa pasi mara mbili.

Hakuitazama karatasi. Amesema kwa wajomba na wapwa: warithi ni wawili, lakini yeye alisikia kwamba Salomon alipozaliwa alipewa Kabwe. Kama ni kweli, basi Salomon akae pembeni. "Muntu mumoja habebe wafu wawili. Atainama." Ila yeye mwaka ule alikuwa Manono na mume wake, hakuona kwa macho yake. Waliokuwepo wamekufa wote. Kuna nani wa kushuhudia?

Nimeelewa. Nimeelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona meli imeondoka na mzigo wake umo ndani.

Nimeruka juu. Mimi! Mimi nashuhudia! Bibi Domitille aliniambia kwa mdomo wake, hapa hapa, akichambua dagaa!

Salomon amesimama polepole. Amesema Bibi aliita kila mutoto baba, hata mutoto wa jirani, hata jogoo. Amesema jina la Kabwe walimwita nalo serikali ilipokataza ya ubatizo, kwa sababu alihitaji jina la kuandika shuleni. Halafu akasema tusibishane, kuna karatasi. Si ndugu yetu ameleta karatasi?

Wameitandaza. Ameisoma kwa sauti, kutoka juu. Kabwe. Domitille. Akafika kwangu akasoma "Sim", akapumzika kwenye koma, akamalizia "on". Watoto wamecheka, wakubwa wamewafuata. Mama Émérence alipotajwa kwa mapumziko mawili amemwuliza kama ana kwikwi. Halafu akafika kwake mwenyewe: Salomon. Akageuza karatasi huku na huku kama anayemtafuta Kabwe chini yake. Hakuna. Akasoma na mstari wa mwisho. Yote yamehakikishwa.

Mama Émérence amenitazama. Ameuliza: "Siméon, mutoto wangu, karatasi yako inasema uongo?"

Mwandishi wa habari anaulizwa hivyo mbele ya ukoo wake. Nimesema kulikuwa na maandishi mengine, ya zamani, ya kweli, ndani ya ordinateri. Ameuliza yako wapi. Nimesema nimeyafuta. Ameuliza kwa nini.

Swali zuri. Nimeanza kuikunja karatasi.

Amempaka Salomon unga kwenye paji la uso na mabegani. Mzee mmoja ametoka nje ya ua, kama desturi, akasimama njiani na kuita: "Mwamba yuko?" Na Salomon ameitika kutoka ndani. Sauti ile ile, nzito, ya mtu anayetaja vituo. Nilikuwa nimegeuka kutazama mlango kabla sijajizuia. Wengine pia. Mama Émérence amefuta macho na kiganja chenye unga, akatoka na uso mweupe.

Imekuwa sherehe nzuri. Samaki walitosha.

Nimemwuliza Mama Odile kama alijua habari ya wafu wawili. Amesema kila mwanamke wa Mpala anajua. Mbona hakuniambia? "Hukuniuliza, mwandishi." Kisha akanipa kichwa cha samaki, kile kikubwa.

Jumatatu, tarehe 17

Tumerudi Kalemie jana kwa mtumbwi wa moteri. Salomon, yaani Mwamba, alikaa nyuma yangu. Njia nzima watu walikuwa wanamwita jina jipya kwa furaha tu, na kila mara aliitika. Tulipoona kilima cha bandari ameniwekea mkono begani na kuniambia: "Mupwa wangu, usikasirike." Mupwa wake! Kwa jina lile sasa yeye ni mjomba wangu, na anayo haki. Nimelazimika kumwamkia.

Nimekaa leo nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: koma. Karatasi yenye koma haiheshimiwi. Kama Salomon asingepumzika katikati ya jina langu, watu wasingecheka, wangenisikiliza. Nimemweleza Papa Pontien. Amenitazama sana, halafu akasema koma anaweza kuziondoa.

Basi. Kuna upande wa baba yangu, huko Nyunzu. Mkubwa wao ni Papa Edmond, baba yangu mkubwa, mwenye jina la babu yetu na kiti chake. Akiondoka, watamtafuta mtu. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu Pascal, wa mama mwingine. Upande huo una faili lake la zamani kwa Pontien, bado halijageuzwa. Nimeupitia: Pascal ameandikwa majina manne, na mengine sijui yanafanya nini pale. Nimeanza kupunguza.

Pontien amenipa nafasi Jumatatu tarehe 24, saa mbili asubuhi. Papa Edmond bado mzima, wanasema anapasua kuni mwenyewe. Treni ya Nyunzu inaondoka Jumatano tarehe 26, ikipata mafuta. Nitakwenda kumsalimu na kuona kama rangi ya uso wake ni ya mtu wa siku ngapi.