Kiti Kimoja, Kilo Tisini na Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Ndege imefika. Ndogo, nyeupe, viti viwili, mlango mwepesi kama wa kabati. Imetua kwenye uwanja wa nyasi hapa katikati ya chai, uwanja ambao mimi, Joab, nimekuwa mtunzaji wake miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo nimefukuza ng'ombe ili wasigongwe na ndege ambazo haziji. Leo imekuja moja, na ng'ombe walikuwepo. Imezunguka mara mbili ndipo ikashuka.

Rubani ni mwanamke, Kapteni Nelvine, binti wa hapa hapa Bomet. Atapiga picha za mashamba kutoka juu. Jumamosi kiti cha pili kitakuwa wazi, na amesema atampa mtu wa hapa, yule atakayeonyesha uwajibikaji wiki nzima: kuosha ndege, kuifunga kamba jioni, kuzuia ng'ombe. Sharti lingine, asizidi kilo themanini, kwa sababu kamera ni nzito. Hilo la kilo alilisema akitazama milima. Nafikiri ni heshima.

Kiti hicho ni changu. Onyiego, karani anayepima majani pale kituoni, alipanda ndege mara moja, Kisumu hadi Nairobi, na tangu siku hiyo hatujapumzika. Kila mazungumzo naye hufika kwenye karanga alizopewa angani. Hata kwenye matanga ya jirani alizitaja. Jumamosi nitapita juu ya mzani wake, polepole, nikimpungia mkono.

Mke wangu Jerusa ameuliza kama najua nina kilo ngapi. Nimemwambia mambo ya imani hayapimwi.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi ni nyingi kuliko nilivyodhani. Kumbe ndege huoshwa hata tumboni. Mgongo wangu umekataa kabisa.

Nikapata wazo. Shule zimefungwa, watoto wanazurura tu kwenye chai. Kwa hivyo leo nimeanzisha Mpango wa Kufunza Watoto Uwajibikaji. Wanafunzi ni watatu. Kipkorir, miaka kumi, anajua ng'ombe wote wa hapa kwa majina. Kepher, miaka minane, huja na njaa. Na Bochaberi, miaka kumi na miwili, ambaye kwa bahati mbaya ni binti wa Onyiego. Wazazi wamenishukuru sana. Mama Kepher alikaribia kulia. Alisema Baba Quinter, yaani mimi, ni mtu wa maana, na yeye alikuwa amesikia vingine.

Nimewapa hotuba. Nikamkabidhi Bochaberi daftari, aandike kila kinachotendeka: nani, nini, saa ngapi. Nikasema daftari ni kubwa kuliko mtu, hata mtu huyo akiwa mzee wa kanisa. Sikusema kwamba jambo likiharibika, mwenye daftari ndiye hulaumiwa. Hilo ni somo la muhula ujao.

Jioni Kapteni aliwafundisha kufunga ndege: kamba kila bawa, kamba ya mkiani. Alipoondoka, Kipkorir akaongeza ya nne puani, akaweka na majani ya nepia mbele yake. Akanieleza kwamba ng'ombe mgeni asipopewa kitu usiku wa kwanza anarudi kwao. Nikamsifu. Nikaenda kulala kama mtu aliyefanya kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango unaenda vizuri kupita kiasi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watoto wamenigongea dirisha. Bochaberi akasema, "Mzee, kazi imeanza na wewe hujaanza." Nikamjibu mimi ni msimamizi. Nikasikia kalamu ikiandika.

Ndege inang'aa. Kepher alikuwa ameipaka bawa moja mafuta ya kukamulia ng'ombe, kwa sababu kwao kitu kikionekana kikavu hupakwa hayo. Kapteni alipopanda kukagua akateleza hadi chini. Hakukasirika. Aliwaonyesha sabuni inayofaa, akawaeleza kwa nini, nao wakasikiliza mikono nyuma kama wako kanisani. Akawaambia pia habari za uzito: ndege hubeba kilichopo, haibebi kilichoandikwa. Mimi nilikuwa upande wa pili nikila kiazi, na sikuona kwamba hayo yananihusu.

Mchana nimelisoma daftari kwa siri. "Saa nne na robo, Mzee Joab amelala chini ya bawa. Saa tano, bado. Saa tano na dakika arobaini, amegeuka."

Nimewanunulia mandazi, moja moja, nikauliza kama ukurasa ule hauwezi kuloa kidogo na mvua. Kepher alishakula kabla sijamaliza swali. Bochaberi akaandika: "Mandazi matatu kutoka kwa Mzee. Sababu: ukurasa."

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga kula ili nipungue. Saa tatu nimefungua.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Kapteni ameomba uzito wa kila anayetaka kiti, uandikwe daftarini. Mzani wa karibu ni wa Onyiego.

Lakini sikuwa bila akili. Kila mkulima hapa anajua kwamba majani yakifika kituoni, karani hukata kilo za gunia, na yakiwa yamelowa hukata za maji. Mwaka jana mimi mwenyewe niliandika barua ya malalamiko juu ya jambo hilo, kurasa mbili, nikakusanya sahihi hadi Londiani. Leo nimevaa sweta mbili na gambuti za mpira, nikasimama kwenye mvua nusu saa, kisha nikaenda kituoni nikichuruzika.

Onyiego akanitundika kwenye ndoano ndani ya gunia la wavu, miguu nje. Wachumaji wote wakaacha mistari yao wakaja. Mama mmoja akauliza kama mimi ni majani mawili na chipukizi au ni kisiki.

Mzani ukasema tisini na tatu. Nikadai anikatie gunia na maji. Onyiego akavua kofia. Akasema miaka ishirini kwenye mzani ametukanwa, amelaaniwa, amerushiwa kapu, ila mtu wa kumwomba akate zaidi hajamwona, tena yule aliyeandika barua. Akakata mbili, ndiyo sheria. Nikasema maji peke yake ni kumi. Akasema hata angenikausha kwenye mtambo wa kiwandani nisingefika themanini. Nikamwomba basi anihesabu kama majani magumu, anitoe sehemu isiyofaa. Akasema kwa majani magumu yeye hakati kilo, anakataa gunia zima.

Nikamgeukia Bochaberi, aliyesimama na daftari, nikiwa bado naning'inia. Nikamwambia kwa upole aandike sabini na tisa. Nikamweleza uwajibikaji una huruma ndani yake, hasa kwa wazee. Akasema, "Mzee, ulisema daftari ni kubwa kuliko mtu." Halafu akasema hata hizo mbili alizokata baba yake hazikatiki, kwa sababu ndege itapaa nazo tu. Akaandika tisini na tatu. Onyiego alimtazama binti yake, akaacha kucheka. Akaenda kuupangusa mzani wake, ingawa haukuwa na uchafu.

Nimebaki kwenye gunia dakika kumi. Hakuna aliyekumbuka kunishusha.

Jumamosi, 9 Agosti

Kapteni amesoma daftari lote, kutoka ukurasa wa kwanza, bila haraka, kama mtu anayesoma Zaburi. Kwenye mandazi akakohoa. Akawauliza watoto ni nani aliyewafundisha kuandika hivi. Bochaberi akasema ni Mzee Joab. Nikajisogeza mbele kidogo, nikafunga kifungo cha koti.

Kapteni akasema kiti ni cha yule aliyeombwa kuandika sabini na tisa akaandika tisini na tatu.

Onyiego ameweka sahihi ya ruhusa. Binti akapanda, kilo thelathini na sita, mkanda ukamzunguka karibu mara mbili. Kipkorir na Kepher wakafungua kamba, nne zote, wakazikunja vizuri. Mimi nikapewa kazi moja tu: uwanja uwe mtupu ndege ikirudi.

Ikapaa. Nikalala kwenye nyasi ndani ya koti langu la mvua la njano ili nihuzunike vizuri. Nimeshtushwa na kelele. Ng'ombe sita walikuwa katikati ya uwanja, ndege ikizunguka juu kwa mara ya tatu, Onyiego akikimbia huko na huko amejishika kichwa. Kipkorir aliwaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, wakatoka. Ndege ikatua salama.

Bochaberi alishuka. Onyiego akamkumbatia, akamuuliza kama alipewa karanga. Binti akasema hapana, alipewa ramani aishike.

Jumatatu, 11 Agosti

Kapteni ameondoka. Ametuachia picha iliyopigwa angani, nakala kwa kila mtoto, moja ya meneja wa shamba la chai, na moja ya mwalimu, yaani mimi. Ni nzuri. Chai imetandikwa kama zulia, uwanja wetu katikati, ng'ombe sita, na kando yao mtu mdogo wa njano, amelala chali. Meneja ametundika yake ofisini. Aliniuliza kile cha njano ni nini. Nikasema turubai.

Jerusa ameuliza nimejifunza nini wiki hii. Nimemwambia ng'ombe si watu wa kuaminiwa.

Lakini nimefikiri. Picha imepigwa kutoka juu. Mtu akiwa na picha iliyopigwa kutoka juu, basi alikuwa juu. Kesho naenda Sotik kwa mama mkwe, ambaye hajawahi kuniona kama mtu wa kufika mbali. Akiuliza yule wa njano aliyelala huko chini ni nani, nitasema ni Onyiego.

Nitapitia Litein kwanza, kununua karanga.