Wiki Niliyopanga Kumpindua Mtukufu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kumuua mkuu wa nchi. Nimeamua saa nne asubuhi, baada ya chai.

Sababu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Yuko gerezani siku ya arobaini na moja. Kosa: alicheka. Upepo ulipeperusha kofia ya Mtukufu kwenye gwaride, uwanja mzima ukatazama chini, yeye akacheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo mke wangu anampakulia chakula kila jioni, anakifunika, asubuhi anakifunua. Siwezi tena kuitazama sahani ile. Nimemwahidi kwamba mwezi huu hautaisha kabla mdogo wake hajarudi.

Yeye anasema nimwombe tu Mtukufu. Si ndiye ninayempima kila Jumatano? Maskini mke wangu! Roho safi, siasa hajui. Mambo makubwa hayaombwi, yanapangwa. Mimi ni fundi cherehani wa ikulu mwaka wa kumi na moja sasa, najua ninachosema.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha siri, karakana ya fundi viatu wa ikulu. Kanali wa vifaru, anayeitaka nchi, amekuja kiraia, soksi za jeshi. Na fundi viatu yumo! Huyu mtu ananiandama tangu tulipoajiriwa. Nikipewa kiti, naye anataka kiti. Tumepewa majina ya siri: yeye Simba, mimi Sindano. Nimepinga. Kanali akasema hakuna muda wa mambo hayo.

Mpango ni huu. Jumamosi kuna gwaride. Yatapita magari matatu ya wazi, na kila gari lina Mtukufu ndani. Wawili ni wa bandia, wamefanana naye hadi masharubu. Nani halisi? Najua mimi, maana sare zote tatu nazishona mimi. Nitamwekea yule halisi kifungo kimoja cheusi kati ya vile vya dhahabu. Mlenga shabaha atakuwa juu ya paa la posta na darubini yake. Akiona cheusi, anamaliza kazi. Kanali akishika nchi, shemeji anatoka siku hiyohiyo.

Fundi viatu akashauri alama iwe kwenye kiatu. Nikamuuliza nani anaona kiatu cha mtu aliyekaa ndani ya gari. Akaanza kutafuta misumari yake! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimempima Mtukufu. Alisimama juu ya kigoda na chupi na fulana, mikono juu. Kiuno kimepungua vidole vitatu. Ameniomba nibane suruali lakini nibakize kibandiko cha saizi ya zamani, majenerali wasijue. Goti linamsumbua. Anasema siku hizi hakuna anayemwambia ukweli isipokuwa futi yangu.

Kisha akaniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza kwa utaratibu, akasubiri jibu! Nikasema wote wazima. Nilikuwa nawaza kifungo.

Nimemwonea huruma kidogo. Nimejikaza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshona kifungo cheusi, cha pili kutoka juu. Kinaniumiza macho. Miaka kumi na moja sijawahi kutoa kazi ya namna hii mkononi mwangu. Mara mbili nimeshika mkasi nikitoe, mara mbili nimeenda kunawa uso.

Baada ya chakula cha mchana nimelala kidogo, kichwa kilikuwa kinagonga.

Ijumaa, 7 Machi

Askari wamekuja kuchukua sare asubuhi na mapema. Hakuna aliyeshtuka. Mkono wangu ni mkono!

Jioni mke wangu ameniambia, kwa upole, kwamba ninajichosha mno. Jana nilipolala aliona nimeanza kubadilisha vifungo nikaishia kwenye sare moja tu. Akanionea huruma. Akatafuta vingine viwili kwenye kopo, akanimalizia zile sare mbili zilizobaki.

Nimemshukuru.  Kisha nimekwenda kukaa chooni mpaka giza likaingia.

Jumamosi, 8 Machi

Gari la kwanza likapita. Kifungo cheusi. Mlenga shabaha akavuta pumzi, akaona gari la pili linakuja. Kifungo cheusi. La tatu, vilevile. Ni mtu wa nidhamu, akateremka ngazi kwenda kuuliza. Bunduki akaiacha paani. Aliporudi, mlinzi wa posta alikuwa ameshafunga mlango wa juu na kwenda kutazama gwaride.

Fundi viatu anasema kosa ni langu. Anasema viatu haviongezewi vifungo na wake za watu. Nimemwambia amwache mke wangu nje ya jambo hili, alifanya kwa mapenzi. Kanali hakutusikiliza hata mmoja wetu, na ahadi ya shemeji akaifuta palepale. Bunduki imeshaonekana, uchunguzi umeanza, na yeye sasa lazima alete vifaru kesho kabla haujamfikia.

Jumapili, 9 Machi

Alfajiri, milio ya risasi mjini. Halafu mlango ukagongwa. Nikajua wamenifuata! Nikaingia chini ya meza ya kukatia.

Mke wangu akafungua. Ni Mtukufu, peke yake, pajama na koti la jeshi. Vifaru vimezunguka redio na ikulu. Anataka nguo ya kukimbilia. Mke wangu akasema liko gauni la mwalimu mkuu, lilikuwa lichukuliwe kesho, avae hivyohivyo aende. Hivyohivyo! Na mabega yale! Nikatoka chini ya meza na pini mdomoni.

Nikabana mabega, nikaachia kiuno, nikampa mke wangu apitishe cherehani. Akakaa. Mguu hakuuweka kwenye pedali.

"Sishoni mpaka mdogo wangu atoke gerezani," akasema.

Mtukufu akauliza mdogo gani. Akaelezwa, kofia na yote. Akanigeukia. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Wiki zote hizi, Fundi, mbona hukuniambia? Kofia ile hata mimi ningeicheka. Ningemtoa siku ileile."

Nilikuwa na pini mdomoni. Akaandika amri nyuma ya karatasi ya kukatia. Mhuri wa nchi ulikuwa kwenye mfuko wa koti, akaupiga. Mke wangu akaunyakua ule waraka na kukimbia, khanga mkononi. Ilikuwa lazima afike kabla redio haijasema kitu. Nikamalizia upindo mwenyewe. Nilikuwa nimeshika sindano lakini macho yalikuwa kwenye redio. Muziki wa jeshi, muziki wa jeshi, muziki wa jeshi.

Tangazo likaja saa tatu kamili: nchi ni ya Kanali. Nikakaa sakafuni, nikalia.

Saa tatu na nusu wakaingia mlangoni wameshikana mikono. Walikuwa wamevuka geti la gereza kwa hatua kumi redio ya walinzi iliposema. Mlinzi akatazama waraka, akawatazama wao, akawapa mgongo. Mungu ambariki.

Mtukufu naye amevuka. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wa Kanali walimwita mama wakambebea mkoba. Ndivyo mabega yalivyokaa vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji amekula sahani tatu. Amekonda, anacheka bado. Mke wangu anamtazama tu, anafuta macho, anaongeza mchuzi. Nimefurahi mno. Kwa kweli wiki imekwenda kama nilivyopanga.

Jambo moja limebaki. Kanali ndiye rais sasa, na jana jioni askari wake wamechukua cherehani yangu wakashonee bendera mpya. Bila cherehani mimi si kitu. Mke wangu anasema kesho ninakwenda kumpima, basi nimwambie anirudishie.

Amesahau yote! Nimemweleza taratibu kwamba mambo makubwa hayaombwi. Asubuhi hii nimeshakaa na fundi viatu. Inahitajika ngazi, magunia mawili ya mkaa na mtu wa kujifanya amekufa. Shemeji amekubali kuwa maiti, ila hawezi kujizuia kucheka, itabidi afanye mazoezi.

Mke wangu amesikiliza mpaka mwisho, amevaa viatu na kushika njia ya ikulu bila kuaga. Nadhani ameenda dukani. Akirudi nitamweleza sehemu yake katika mpango.