Nilivyochungulia Miguu ya Bi Tatu

Aibu niliyoipata leo mchana, hata mlinzi wa ofisi ya kata ameshindwa kunitazama usoni. Amenifungulia geti huku amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nimerudi nyumbani kwa njia ya uani. Naandika haya nikiwa kitandani, nina nundu kichwani. Heri myasikie kwangu kabla Fundi Jeremi hajawafikia, maana yeye ataongeza chumvi.

Kwa msionijua, naitwa Maganga, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora. Tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, najitolea kufundisha Kiswahili kule Chemchem. Ni mradi wa kuwakaribisha watu waliohamia mjini kwetu kutoka nchi jirani, wajue lugha, wajuane na majirani, wasikae wamejifungia ndani. Nina wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima wote. Wengi ni Warundi, akiwemo Mama Odeta anayeuza maandazi sokoni. Wakongo ni wachache, na mmojawao ndiye huyo Fundi Jeremi, mshona suti. Bango la mlangoni nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe: DARASA LA WAGENI TU. (Hilo "tu" limenitokea puani. Subirini.)

Chumba tulichopewa ni cha mwisho kwenye jengo kuukuu la kata, zamani kilikuwa ghala. Kina dirisha moja, na lenyewe halifunguki. Saa nane mchana mtaa mzima umelala. Msimu huu watu wanachoma mashamba, moshi umetanda, na jua linaingia mle ndani likiwa jekundu. Hata kuku humsikii.

Jumamosi ya pili ndipo nilipozisikia hatua.

Ko. Ko. Ko.

Zilikuja polepole kwenye saruji ya barazani. Nikaacha kuandika ubaoni. Kiatu hakilii hivyo, na mguu mtupu haulii hivyo. Ni mlio wa hatua za punda, ila punda ana miguu minne, na hii ilikuwa miwili.

Mlango ukasukumwa. Akaingia bibi kizee, buibui jeusi mpaka chini linaburuza. Akapita kando ya ukuta, akaenda kukaa dawati la mwisho, ile kona isiyofikiwa na mwanga.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Midomo ilicheza. Sauti sikuisikia.

Hakuna mwanafunzi aliyegeuka. Nikaita majina, wakaitika kumi na moja. Nikahesabu vichwa, vikawa kumi na viwili.

Nikajifanya jasiri, nikapiga picha ya darasa kwa simu, maana mradi unataka picha kila wiki. Jioni nikaifungua nyumbani. Nyuso kumi na moja zinatabasamu. Pale konani kuna kitu cheusi tu, hakina uso. Nikaikuza picha mpaka ikawa vidoadoa. Uso haukuonekana. Nikaifuta. Kisha nikaizima na simu yenyewe.

Jumamosi ya tatu alikuja tena, ko, ko, ko, akakaa palepale. Safari hii nikajikaza, nikatembea katikati ya madawati kama ninayekagua madaftari. Nilipomkaribia nikamsikia ananong'ona. Neno lilelile, mara kumi, mara ishirini, kwa sauti ya chini isiyo na pumzi.

"Hehe. Ari hehe. Ari hehe."

Nikarudi mbele. Nilirudi kinyumenyume, na niliwaambia wanafunzi kwamba ndivyo walimu tunavyotembea. Nilipogeuka kufuta ubao, sekunde chache tu, nikatazama tena: dawati tupu. Na hatua sikuzisikia.

Baada ya kipindi nikamvuta Fundi Jeremi pembeni. "Fundi, yule bibi wa nyuma ni wa kwenu?"

Akanitazama. "Hapana, Mwalimu. Siye tulikuwa tunawaza ni mama yako."

Nikamuuliza Mama Odeta. Naye akasema, "Sisi tumeona kama amekuja na wewe. Mtu mzima haulizwi ametoka wapi." Akakusanya khanga yake, akaondoka haraka kidogo kuliko kawaida.

Kosa langu ni kwenda kwa shangazi. Shangazi yangu anakaa Kanyenye, na majini anayajua kama watu wengine wanavyojua majirani. Nilimsimulia yote. Hakucheka. Aliacha kuchambua mchele, akausukuma ungo pembeni, nikatamani acheke.

"Mahali hapo baba zetu walikuwa hawapiti mchana," akasema. "Ndipo misafara ilipokuwa inatua. Wapagazi waliozidiwa na ndui waliachwa palepale, msafara ukaendelea. Wengine hawajui mpaka leo kwamba wenzao waliondoka."

"Shangazi, mimi nimewaalika wageni tu, wajifunze Kiswahili."

"Ndiyo, baba. Ila ulisema wageni wa lini?"

Jamani. Sijalala vizuri wiki nzima.

Akanipa na dawa ya kuhakikisha: "Mtazame miguu. Jini hujigeuza kila kitu, lakini miguu humshinda. Utaona kwato."

Tatizo ni kwamba dawati lile la mwisho lina ubao mbele, na buibui lake linafagia sakafu. Miguu yake hakuna aliyewahi kuiona. Basi leo asubuhi nikapanga mpango. (Mtanisamehe. Asubuhi ulionekana mpango wa msomi.)

Saa nane, ko, ko, ko. Akaingia, akakaa. Nikasimama mbele ya darasa, nikasema, "Leo tutajifunza kusikiliza. Fumbeni macho wote. Msifumbue mpaka niwaambie. Nitatamka neno, nanyi mtarudia."

Wakafumba. Watu hawa wananiamini, ndilo linaloniuma zaidi. Nikachungulia kona ile. Naye alikuwa amefumba.

"Karibu," nikasema.

"Karibu," wakajibu.

Nikapiga magoti. Nikaanza kutambaa.

"Jirani."

"Jirani."

Nilipita chini ya dawati la Mama Odeta. Nilipita chini ya dawati la Fundi, nikaegemea kidogo viatu vyake. Nimeshika rula ya ubaoni, ile ya mita moja, ndiyo silaha yangu. Chini kule kulikuwa na vumbi na harufu ya mavi ya popo. Kila nilivyosogea, mwanga ulipungua, na sauti za wanafunzi zilikuwa zinatoka juu yangu, zinaitika pamoja, kama watu waliosimama ukingoni nami nipo shimoni.

"Nyumbani."

"Nyumbani."

Nikajipenyeza kwa ubavu wa dawati lake, nikalifikia pindo la buibui. Limetulia sakafuni, halitikisiki. Na juu yake, kwa sauti ileile: "Ari hehe. Ari hehe."

Nikasoma nilichokikumbuka cha dua. (Mimi ni Mmoraviani. Nilichokikumbuka ni kidogo sana.) Nikaingiza ncha ya rula chini ya pindo, nikanyanyua kidogo tu.

Nikaona kitu kigumu, cha kijivu, kisicho na vidole. Kimekanyaga sakafu kwa sehemu mbili, mbele na nyuma, na katikati wazi. Kama kwato ya mbuzi.

"Kwato," nikasema. Nilidhani nimesema moyoni.

"Kwato," darasa zima likarudia.

Hapo nikaruka. Kichwa kikapiga dawati kutoka chini, dawati likainuka, rula ikanasa kwenye buibui, nami nikaanguka kifudifudi nimekumbatia mguu wa bibi wa watu. Na ni wakati huohuo mlango ulipofunguliwa, chumba kikajaa mwanga.

Mlangoni alikuwa amesimama mratibu wa mradi. Anakuja kutoka Dodoma mara moja kwa miezi mitatu, na nilikuwa nimeambiwa atafika wiki ijayo. Nyuma yake mtendaji wa kata, na nyuma ya mtendaji yule mlinzi. Walichokiona ni hiki: watu wazima kumi na mmoja wamekaa wima, wamefumba macho, kimya. Na mwalimu wao yuko chini, ameshika mguu wa ajuza, buibui limepanda mpaka magotini.

Mratibu alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akauliza taratibu, "Mwalimu Maganga, hii sehemu ipo kwenye mtaala?"

Fundi Jeremi, bado amefumba macho, akauliza kwa adabu kama sasa anaruhusiwa kufumbua.

Bibi alikuwa wa kwanza kusogea. Aliinama, akavua ile kwato, akaninyooshea mbele ya pua. Ilikuwa kiatu cha mti, kile cha kizamani chenye kijiti cha kubana kidoleni.

"Huu ni mtalawanda, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, Kiswahili safi kuliko changu. "Nauvaa nikitawadha. Nikishaswali nakuja huku moja kwa moja, nyumba yangu ni hiyo nyuma ya ukuta. Nikiondoka huivua nikaishika mkononi, nisiwapigie kelele. Ulikuwa unatafuta nini?"

Kuna maswali ambayo hata mwongo hodari hayajibu. Nikamwambia ukweli, mbele ya mratibu, mbele ya mtendaji, mbele ya mlinzi. Nikasema nilikuwa natafuta kwato.

Hakuna aliyecheka wakati ule. Kucheka kulikuja baadaye, kwa zamu. Bibi alinitazama tu, akajirekebisha buibui, akakaa.

"Mimi ni Bi Tatu," akasema. "Nimezaliwa mtaa huu. Sikujiandikisha kwa sababu mlangoni mmeandika ni la wageni tu, na mimi si mgeni. Nikaona nikiongea mtanitoa. Na ulipotoa simu ya picha nikajifunika, nikadhani ndiyo mnawatafuta wasiohusika."

"Lakini bibi," akasema mratibu, "Kiswahili unakijua. Umekuja kujifunza nini?"

Bi Tatu akawageukia Mama Odeta na wenzake. "Nimekuja kuwasikiliza hawa."

Akaeleza. Mwanawe ni dereva wa malori, alioa upande wa Burundi. Mkewe amefariki mwaka huu, na mtoto wao wa kike, wa miaka minne, ameletwa kwa bibi yake hapa Tabora. Baba yuko safarini siku zote. Mtoto hajui Kiswahili hata kidogo. Kila jioni anasimama mlangoni, anasema neno moja, analisema mpaka usingizi umchukue. Bi Tatu amelikariri neno hilo. Alikuwa anakuja kukaa nyuma, anasikiliza Warundi wakinong'onezana, akingoja siku alisikie kwao, ajue maana yake.

"Bibi yangu mimi aliletwa mji huu na msafara kutoka Manyema, akiwa mtoto," akasema. "Alituambia alilia miezi na hakuna aliyejua anasema nini. Nikadhani nimesimuliwa jambo la zamani. Sasa liko nyumbani kwangu."

Mama Odeta aliinuka, akaenda kukaa naye dawati moja. "Mama, ni neno gani?"

"Ari hehe."

Mama Odeta alimshika mkono kwanza.

"Anauliza yuko wapi," akasema. "Anamuuliza mama yake."

Bi Tatu akaitika kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyekuwa anajua tayari. Mtendaji akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita. Mimi nilikuwa bado sakafuni.

Kipindi kikaishia hapo. Mratibu mwenyewe alilibandua bango langu mlangoni, akalikunja, akanipa nilibebe. Kisha tukaenda wote watatu, Mama Odeta, Bi Tatu na mimi, nyuma ya ukuta. Nilikwenda kuomba radhi rasmi nyumbani kwake, maana nimelelewa.

Mtoto alikuwa kwenye mkeka na jirani aliyeachwa amwangalie. Ameshika sahani ya wali, hali. Alipotuona aliganda. Mama Odeta akachuchumaa, akamwita kwa lugha yao, "Ngwino." Njoo.

Yule mtoto alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akaja mbio, akamrukia Mama Odeta shingoni, mtu ambaye hajawahi kumwona. Akaongea. Maneno ya miezi yalimwagika pale, hata Mama Odeta akawa anajifuta macho kwa kiganja. Bi Tatu alisimama pembeni, anasikiliza kila neno, midomo ikicheza, anajifunza.

Baadaye mtoto akatulia. Akanitazama mimi, nundu yangu, vumbi langu, utando wa buibui masikioni. Akauliza kitu kirefu, kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" akauliza Bi Tatu.

Mama Odeta alinitupia jicho. "Anauliza kama na huyu mwanaume atalala hapa."

"Mwambie hapana," nikasema.

Akaambiwa. Mtoto akashusha pumzi, akakaa chini, akavuta sahani, akaanza kula. Bi Tatu anasema hajawahi kumwona anakula hivyo tangu afike.

Mwezi mzima nafundisha kukaribisha wageni, na mchango wangu mkubwa kuliko yote umekuwa kuondoka.