Mheshimiwa Respicius Azindua Mtambo wa Kung'olea Beringi

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mgeni rasmi kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Usafiri wa Kata, ambayo mwenyekiti wake ni mimi. Viongozi wa dini, viongozi wa wafugaji, viongozi wa wasio na viongozi. Na nyie mliosimama juani kwa hiari yenu, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wajumbe wawili.)

Kama mnavyofahamu, gari letu la wagonjwa lina siku arobaini limekaa juu ya matofali kwa sababu beringi ya tairi la mbele imekula kutu ikagandana na habu yake, kile kitovu cha gurudumu, kama imechomelewa, na mimi niliyehudhuria semina Morogoro nikasema hapana, kutu ya kiwango hiki haing'olewi kienyeji, lazima kwanza tufanye fizibiliti stadi, tushirikishe wadau, tuwe na rodimapu, ndipo tulete mtambo wa kisasa, huu hapa nyuma yangu chini ya turubai, unaoisukuma beringi taratibu mpaka itoke yenyewe kwa heshima. (Ngo, ngo, ngo, nyuma ya umati.)

Nani anagonga kule kwenye gari?

(Sauti: "Fundi Kasimiri. Amewasha mkaa chini ya habu.")

Ndugu Kasimiri, si ulipewa barua ya kusubiri?

("Ndiyo niliyowashia moto, mheshimiwa." Kicheko kirefu.)

(Mama Pudensiana anasimama: "Baba, mkwe wangu Nyanzala yuko hapo kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Uchungu umemshika toka alfajiri, na mtoto wa kwanza alimzaa kwa kupasuliwa. Hospitali Mpanda tutafika na nini?")

Mama, nakupongeza kwa swali zuri. Nyanzala ni mdau wetu namba moja, kwenye takwimu yumo, safu ya wanufaika, ambako tumeshavuka lengo kwa asilimia mia na nne. Kwa hiyo namwomba abane kidogo, nimebakiza kurasa kumi na tisa tu.

("Uchungu haubanwi, baba. Mkeo angekwambia.")

(Tindo na nyundo. Chuma kinadondoka. Vigelegele.)

Asanteni kwa kuniunga mkono.

(Kasimiri: "Leteni ile beringi niliyoichomoa kwenye pikapu yangu. Mimi nitatembea kwa miguu." Hotuba inafika ukurasa wa kumi na tano. Gari linanguruma. Umati wote unakwenda kulisukuma litoke kwenye mchanga, Nyanzala akiwa ndani.)

Beringi mbovu? (Umati umeshalifuata gari.) Itoke kwa utaratibu. Kutu? (Mbuzi mmoja anaitikia.) Adui wa maendeleo.

Kwa kumalizia, namshukuru Mzee Makoye kwa kutuazima zizi lake wakati ng'ombe wako malishoni. Namshukuru Bi Rozalia kwa jiwe la kusagia tulilolipaka chokaa likawa jiwe la msingi, aje alichukue. Na mpiga picha, turubai usilifunue, kwa sababu chini yake kuna plau la Makoye na madebe mawili. Katibu, wewe andika kwenye taarifa kwamba mtambo umeanza kazi saa nane mchana, na mgonjwa wake wa kwanza ameshafika Kakese, njiani kwenda Mpanda, anaendelea vizuri.