Maombi ya Safari ya Leonce

Mdhamini wa kwanza wa Leonce alipojitoa, hakimu alimpa siku saba atafute mwingine mwenye hati ya kiwanja. Leonce akaenda kanisani. Wengine huingia mle kutafuta wokovu. Yeye alikaa benchi la nyuma, akichagua wajane.

Alikuwa dereva wa watalii, na kosa aliloshtakiwa lilikuwa la ubunifu. Aliwauzia wageni haki ya kumlea faru wa kreta ya Ngorongoro. Faru alikuwa mmoja, walezi kumi na mmoja, kila mlezi na cheti chake. Picha kwenye vyeti, wanasema, aliikata kwenye kalenda.

Mjane aliyemchagua, nasema kwa aibu, ni mimi.

"Shikamoo mama. Ule ushuhuda wako umenitetemesha."

Ushuhuda wangu ulikuwa wa kuku aliyepotea akarudi. Lakini mtu akikuambia ametetemeka, unaanza kumfikiria upya hata yule kuku.

"Kesi yangu ni fitina tu, mama. Ikiisha naenda Yerusalemu kuendesha basi la mahujaji. Kiti cha mbele ni chako. Utakanyaga alipokanyaga Bwana."

"Na nauli?"

"Mama, mbona unamwekea Mungu bei?"

Nikatoa hati ya kiwanja cha Ganako, hapa Karatu, kiwanja alicholala marehemu mume wangu. Mahakamani nilimwona karani Nelson, anayeimba besi kwenye kwaya yetu, akiitia pasi ya kusafiria ya Leonce kwenye bahasha na kuigonga muhuri. Hakimu akaniambia mshtakiwa akitoroka, kiwanja kinakwenda. Nikaitikia kama ninavyoitikia sala ya chakula.

Mwezi haukupita, Leonce akaja na barua.

"Mwenyekiti wa kitongoji anakuheshimu, mama. Nisaidie aigonge muhuri."

Mwenyekiti hakuisoma kwa sababu niliileta mimi. Mimi sikuisoma kwa sababu aliileta Leonce. Ndivyo tunavyoheshimiana huku kwetu. Niliisoma wakati narudi, kwa kidole, maana elimu yangu ni ya darasa la saba na herufi nazipa muda wake: mtajwa amepotelewa na pasi ya kusafiria mnadani, anaomba nyingine.

Nikasimama katikati ya njia. Pasi hiyo niliiona kwa macho yangu ikiingia kwenye bahasha. Mtu mwenye akili angegeuka na kurudi kwa mwenyekiti. Mimi nilimpelekea Leonce barua yake, nikamwuliza kama Yerusalemu kuna baridi, ninunue sweta.

"Nunua, mama. Jioni kunapoa."

Nikanunua.

Ijumaa moja akapita kunipa habari njema. "Pasi iko tayari. Jumanne naichukua Arusha, Jumatano naruka. Natangulia kukuandalia mahali."

Maneno hayo nayajua. Aliyeyasema kwanza naye alikuwa na kesi, ila hakuikimbia. Nikatazama kalenda ukutani. Alhamisi nilikuwa nimeizungushia wino.

"Na kesi ya Alhamisi, mwanangu?"

"Imeahirishwa, mama. Kazi yako ni kuniombea nivuke salama."

"Nitakuombea."

"Omba kwa nguvu."

Jioni nilikwenda kupalilia kaburi. Nikamweleza marehemu yote, hadi habari ya sweta. Alinyamaza vilevile alivyokuwa akinyamaza enzi zake nilipofanya upuuzi.

Jumapili nikaandika kikaratasi. Mzee wa kanisa, Tluway, alikisoma baada ya tangazo la mahindi ya mavuno: "Dada yetu anaomba tumwombee ndugu Leonce. Pasi yake ya zamani imepotea mnadani, Jumanne anachukua mpya Arusha, Jumatano anapanda ndege. Tuseme Amina."

Kanisa zima likasema Amina, ila besi haikusikika. Nelson alikuwa amegeuka kumtazama Leonce. Leonce alikuwa anautazama mlango, na mlangoni walikuwa wamejipanga wazee wanne wanene wenye vikapu vya sadaka.

Jumatatu nilifika mahakamani kabla hawajafungua, nikajitoa udhamini. Nelson alikuwa amenitangulia. Adhuhuri Leonce alikuwa mahabusu, na hati yangu ilikuwa ndani ya kitenge, nimeifunga mafundo mawili.

Siku ya pili nikampelekea makande na chai.

"Mama, umeniangamiza. Mbele ya kanisa zima?"

"Uliniambia niombe kwa nguvu. Peke yangu sauti yangu ni ndogo."

Alikula hadi akakwangua bakuli. Kisha akasema, "Nilikufanyia mpango wa wiki nane, mama. Wewe umenimaliza kwa kikaratasi."

"Nami nilikuwa nimeshanunua sweta, mwanangu. Usijione mjinga peke yako."

Nikaitoa kwenye kikapu. Ni ya kike, ya waridi, ina vifungo vya maua. Aliitazama, akatazama ukuta wa saruji, akaivaa. Baridi ya Karatu mwezi wa saba haina mchezo, na Yerusalemu, kwa sasa, hatuendi.