Kamba ya Geti na Asili ya Neno Polisi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mkutano wa mtaa, hapa Moshono. Koikai, kiongozi wa ulinzi shirikishi, amenipangia zamu ya mchana, Alhamisi. Mimi! Na mgongo huu! Nikamwambia mwenyekiti wetu, Mama Prisca, kwamba ulinzi bila elimu ni kelele za filimbi tu. Nikaomba siku hiyo, badala ya zamu, nitoe mhadhara kuhusu asili ya neno polisi. Akakubali. Koikai akauliza kama mhadhara unakamata wezi. Wivu huo.

Jumanne, 10 Juni
Nimesoma kutwa. Ajabu! Neno polisi tumelipata kwa Waingereza, lakini mzizi wake uko Ugiriki: polis, yaani mji. Askari ni la Kiarabu, la jeshini. Kumbe polisi ni mji kujitunza! Kurasa kumi na tisa. Upepo ukazitawanya, nikazifunga kwa kamba ya geti. Mke wangu Elinipa akauliza geti litafungwa na nini. Nikamjibu mtaa mzima unalinda, kamba ya nini?

Alhamisi, 12 Juni
Mhadhara. Mzee Hans alifumba macho, nadhani ili aelewe zaidi. Nimefika Ugiriki tu, Elinipa akaingia analia. Sifa hayupo! Ng'ombe wetu mmoja, maziwa ya watoto! Nililia mbele ya watu wote.
Mara filimbi, kule bondeni. Koikai! Alimkuta jamaa asiyemjua akimswaga Sifa kuelekea barabara kuu. Jamaa akatimua mbio. Koikai alikuwa zamu. Zamu yangu, kanishikia. Wala hakunisema, alinipa pole tu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimempelekea Koikai mkungu wa ndizi na maziwa ya Sifa. Mungu ambariki! Namshukuru kwa moyo wangu wote. Amekuja mwenyewe kufunga geti kwa kamba mpya ya katani. Ameomba kitu kimoja: Jumatatu nishike zamu. Nimeapa.

Jumapili, 15 Juni
Nimetoa sadaka ya shukrani, Koikai nimemtaja mara tatu. Bado moyo haujatosheka. Mtu kama yule kumlipa kwa zamu moja? Ni dharau! Nimemwomba Mama Prisca kesho mchana, badala ya zamu, nimpe Koikai mhadhara wa heshima: asili ya neno mlinzi. Kurasa thelathini na mbili. Nimezifunga kwa kamba yake. Kamba imara sana ile.